Moto Huzaa

Mwaka huu kiberiti ninacho mimi.
Baba alikishika miaka arobaini na mmoja;
kabla yake mama yake, Bohumila, mjane,
aliyezikaza buti za marehemu kwa kamba ya katani
akakiwasha kilima cha kaskazini kabla ya kahawa.

Hii ni Kansas, vilima vya gumegume.
Vavrinec, babu yake Bohumila, alikuja na plau.
Jiwe likaila.
Akaleta ya pili, jiwe likaila na hiyo.
Ya tatu hakununua. Alinunua mitamba minne
akawaachia nyasi alizozikuta,
hizi ambazo Septemba mashina yake hugeuka zambarau
zikamfika farasi tumboni,
na mizizi yake imezama chini
kupita kaburi lolote letu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Letu limo drooni, chini ya miiko,
jalada lanuka siagi na dawa ya kupe.
Malina, 1911.
Lyska, paji jeupe.
Stracena: hupiga ndoo teke, ana kiburi, asiuzwe.
Kisha 1934, mwaka wa vumbi,
ukurasa mzima una tarakimu tu:
62.
Serikali ililipa kwa kichwa,
watu wenye bunduki wakawashusha korongoni.
Bohumila, miaka tisa, alikaa jikoni akihesabu milio.
Leo korongo lile lina plamu mwitu, tamu kupindukia.
Tulizila sote, midomo ikawa myekundu.
Yeye hakuwahi kuonja hata moja.

Na kabla ya plau ya kwanza
watu wa Kaw waliviwasha vilima hivi hivi
ili nyati wafuate kijani.
Daftari letu haliwataji.
Linaanzia kwa ng'ombe wetu.

Basi, leo. Upepo wa kusini-magharibi, mwembamba.
Jirani Delmar Stucky yuko kijitoni na tangi la maji,
binti yangu Ivy ukingoni na kipigio cha mpira,
nywele amezifunga kama nilivyomwambia, mara tatu.
Natembea nikidondosha moto nyuma yangu.
Nyasi zinashika kwa kunong'ona,
halafu kama mawe ya mvua juu ya bati,
halafu sisikii kitu, hata jina langu.
Sungura ananipita miguuni bila kunijali.
Mwewe wameshajua, wamekuja kula.

Moto huzaa majivu:
hilo nililisoma machoni mwa watu siku ya mazishi.
Baba alikuwa moto, nani asiyejua.
Mimi nilikuwa Wichita miaka kumi na tisa nikiuza bima,
nikiwaeleza wakulima
hasara ipi inalipwa na ipi ni ya Mungu.
Sikubishana nao. Nilivua viatu vya mazishi,
nikaenda kuwapa ng'ombe maji.

Jioni kilima ni cheusi, kinatoa moshi kama sufuria.
Ivy analia kidogo, anasema ni moshi.
Usiku mzima nanusa mikono yangu.

Alfajiri wamerudi kuku wa mbugani, madume,
palepale kwenye masizi,
wanakanyaga-kanyaga, wamevimbisha vifuko vya shingoni,
rangi ya chungwa juu ya weusi ule,
wakivuma kama mtu anayepuliza chupa tupu.
Majike wawili wanatazama pembeni.
Hawaonekani kushangaa.

Siku ya tisa, ukiinama sana, utaona:
sindano za kijani, nyingi kuliko macho,
zinatoboa jivu kana kwamba halipo.
Ya kumi na moja huhitaji kuinama.

Nimechonga penseli kwa kisu cha Baba.
Nimeandika: Aprili 22. Kaskazini kumeota.
Malina, wa kumi na saba wa jina hilo,
kazaa usiku, jike, bila msaada.
Ndama hana jina bado.
Ivy anataka kumwita Masizi.
Nimeacha nafasi.